Mzee Dorsami na Msumari Mtupu wa Karakana

Mzee Dorsami Naicker anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka ishirini na miwili katika kinu chetu cha sukari. Miaka yote hiyo karatasi za ofisi zimemwita msafishaji. Huo ni uongo. Anayesema hivyo ni mimi, Zane Willie, mchomeleaji mwenye muhuri nambari 31. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini ndimi mwandishi bora wa karakana hii, maana wenzangu walipoombwa kuandika kwenye kijarida hiki cha kinu walikimbilia chooni.

Mzee alitoka Labasa, Fiji, mwaka 2003, mkataba wa kukodi shamba la familia ulipokwisha na wenye ardhi wakaichukua ardhi yao. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikuja huku na mkewe, Mama Saras, na masanduku matatu, moja likiwa limejaa vifaa vya kazi tu. Kule alikuwa amechomelea kinuni miaka ishirini na mitatu. Vijana aliowafundisha sasa wana matumbo kumshinda msimamizi wetu, na hiyo si kazi ndogo.

Wiki ya kwanza alivaa shati lake la harusini akapanda ofisini na cheti chake. Kilichosemwa huko nakijua, kwa sababu mzee hutusimulia kila msimu wa kusaga miwa, huku amebana pua kumwiga yule dada wa dirishani aliyempokea.

"Cheti cha huko visiwani hatukijui, mpenzi. Leta mtu wa hapa aliyekuona ukichomelea."

"Ataniona wapi, dada, na ninyi hamniruhusu kushika mashine?"

"Basi ndiyo hivyo, mpenzi. Ila nafasi ya ufagio ipo."

Sisi hucheka sana akifika hapo. Mimi nimeacha kucheka. Mtu mzima, ana mke na kodi ya nyumba, anaambiwa alete shahidi wa kazi aliyokatazwa kuifanya. Akachukua ufagio. Ungefanya nini wewe?

Miaka mitatu alifagia makapi ya miwa. Halafu ukaja msimu wa 2006. Rola za kinu cha kwanza, yale magogo ya chuma yanayokamua miwa, zililainika meno, zikawa zinateleza tu, miwa haiingii. Treni za miwa zilijipanga hadi barabarani. Fundi mmoja tu ndiye aliyejua kuchomelea rola ikiwa inazunguka na kutiririka maji ya miwa, na alikuwa hospitali, mgongo umemkatika. Msimamizi, Bwana Clive Hanrahan, tayari alikuwa amenyanyua mkono kuzima kinu.

Mzee akaegemeza ufagio ukutani. "Bosi, usizime. Iache izunguke."

"Dos, toka hapo, utakufa na umeme!" (Naicker kwao lilikuwa refu, Dorsami ndiyo kabisa, wakamkata akabaki Dos.)

"Mimi kazi hii naifanya tangu wewe hujaota ndevu."

Akavaa glavu kavu, akasimama juu ya ubao mkavu, akashusha kofia ya kuchomelea. Chuma kikawa kinadondoka tone kwa tone juu ya meno ya rola, rola inazunguka, maji ya miwa yanatoa moshi mtamu. Baada ya dakika ishirini rola ikaanza kung'ata miwa kama mbwa mwenye njaa. Hanrahan alimpiga bega akasema, "Kazi safi sana. Ila huko juu wasijue."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomkalia mzee kichwani miaka kumi na tisa. Kazi ikiwa ngumu, aitwe Dos. Wageni wa makao makuu wakija, Dos apewe ufagio. Akazoea kuuweka ufagio kando ya mashine, akisikia viatu visivyo na matope anabadilisha haraka. Siku moja alisahau kuvua kofia ya kuchomelea, akafagia nayo usoni mbele ya wakubwa wanne. Mmoja akamsifu Hanrahan: "Nimependa, hata msafishaji wenu anajali usalama!" Tulikaribia kufa kwa kicheko. Mzee alicheka pia. Baadaye nilimkuta nyuma ya boila, chapati yake na samaki wa kopo viko magotini, hajavigusa.

Mara tatu aliomba apimwe apewe cheti cha hapa. Mara ya kwanza karatasi zilipotea. Mara ya pili wakasema msafishaji hawezi kupelekwa kwenye mtihani wa mafundi. Mara ya tatu, mwaka 2019, wakamwambia, "Mzee, umebakiza miaka michache, cha nini tena?" Cha nini! Mimi nilipelekwa mtihani huohuo nikiwa na miaka ishirini, sijui kitu, na aliyenifundisha kushika mkono usitetemeke ni yeye.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, kabla hamjaniona malaika. Kwetu kila mchomeleaji ana muhuri wa chuma wenye nambari yake. Ukimaliza kiungo, unaugonga kwa nyundo pembeni, ijulikane ni kazi ya nani. Msafishaji hana muhuri. Kwa hiyo kila alichochomelea mzee kilipigwa muhuri wa mtu mwingine. Mwaka 2021, bomba kubwa la mvuke lilipopasuka, alilichomelea yeye, amelala chali kwenye joto ambalo mimi lilinishinda. Hanrahan akaniambia, "Zane, piga wako."

Nilimwangalia mzee. Akasema, "Piga, dogo. Watu wanasubiri mvuke."

Nikapiga. Bomba likapigwa eksirei, halikuwa na doa hata moja, na picha yangu ikatoka kwenye kijarida hikihiki, ukurasa wa tatu, meno yote thelathini na mawili nje. Kile kiungo si changu. Nimejisifia baa miaka minne kwa mkono wa mtu mwingine. Leo nakirudisha.

Wiki iliyopita ofisi ilimwonyesha mzee hati atakayopewa Ijumaa jukwaani. Imeandikwa: "Dorsami Naicker, Msafishaji." Alishuka nayo karakana, akaniuliza taratibu, "Mwezi ujao naenda Labasa. Mdogo wangu ataniuliza huku nilikuwa nani. Nimwonyeshe hii?" Nilipanda ofisini mwenyewe. Wakaniambia kompyuta ndiyo inayosema msafishaji, na kompyuta haibishani. Niliyoyajibu hayafai kuchapishwa.

Hapo ndipo tulipokumbuka ubao. Wote mnaujua ule ubao wa chuma juu ya bomba la maji ya kunywa: mchomeleaji akistaafu, muhuri wake unatundikwa pale. Iko mihuri kumi na tisa, wa zamani kabisa ni wa mwaka 1931. Msumari wa ishirini ulikuwa mtupu. Tumekata kipande cha jino la rola, rola ileile ya 2006, tumechonga muhuri wenye herufi D.N. Aliyeleta ngazi ni Hanrahan, bila kuombwa, na hakuniangalia usoni.

Ofisi ikitaka kuutoa, ilete tindo na nguvu, kwa sababu hatukuutundika msumarini. Nimeuchomelea kwenye ubao, mshono mzima, pande zote nne. Chini yake nimegonga 31, maana safari hii kazi ni yangu kweli.

Asante, mzee, kwa rola, kwa bomba, na kwa mkono wangu usiotetemeka. Nenda Labasa na Mama Saras mkale samaki wabichi sasa, wa kopo watoshe. Mdogo wako akiuliza, mwonyeshe picha ya ubao. Na wewe dada wa dirishani, kama bado unamtafuta mtu wa hapa aliyemwona akichomelea, tuko kumi na wanne, tumesaini hapa chini, kila mmoja na nambari ya muhuri wake.