Marcella Bado Anakaribisha Wageni

Benchi la Gesare pale Isebania liko kando ya duka la fundi simu, karibu na walipo wabadilishaji fedha, na lina tabia ambayo wenyeji hawaishangai tena. Ukikaa upande wa kulia, simu yako inashika netiweki ya Kenya. Ukisogea kushoto kumpisha mwenzako, ujumbe unaingia kukukaribisha Tanzania. Gesare huuza kahawa ya tangawizi hapo tangu asubuhi mpaka birika liishe. Mchana huo wateja walikuwa watatu. Kushoto alikuwa Motari, aliyepitisha mizigo ya watu mpakani miaka mingi mpaka akaitwa Forodha. Katikati, kompyuta mapajani, alikaa Bravin, ambaye kijiweni ni Bando kwa sababu huomba bando la kila mtu na hajawahi kuwa na lake. Kulia kabisa alikuwa Wesley. Naye alikuwa na jina la utani, ila tangu amzike mke wake mwezi wa nne hakuna aliyelitumia tena.

Kilichowakusanya ni Jirani, mtandao ulioanzishwa na Marcella, huyo mke wa Wesley, ili wachuuzi wa samaki wa Rusinga, wakulima wa Uriri na wafanyabiashara wa mpakani waulizane habari za barabara, bei na malazi. Bando alikuwa ameutengeneza upya ukurasa wa mbele. Kilibaki kitu kimoja tu, nacho kilikuwa cha Wesley kuamua.

— Angalieni, Bando akasema. Zamani mgeni akifungua anapata nini? Matangazo ya matanga, moja juu ya lingine. Akishuka chini anapata Forodha anagombana na mtu wa Mbita juu ya bei ya samaki wa omena. Mgeni anafunga, anaenda zake.

— Yule wa Mbita alikuwa na makosa, Forodha akasema.

— Sasa ona. Juu kabisa: “Wewe ni mgeni? Anza hapa.” Unasema unatoka wapi, unafanya kazi gani, unaonyeshwa watu wa kukusaidia. Matanga nimeyapatia ukurasa wake.

— Hapo umefanya kazi, Gesare akasema, akimimina. Mimi siku ya kwanza kuingia nilidhani ni mtandao wa marehemu.

Alipogundua amesema nini, alimwongezea Wesley kahawa ambayo hakuwa ameiomba.

Bando akamgeukia Wesley, akashusha sauti.

— Imebaki akaunti ya Marcella, Mama Terry. Baba Terry, nilisema siigusi bila wewe. Lakini lazima tuifunge.

Wote walijua kwa nini. Marcella alipokuwa hai, alimwandikia kila mgeni kwa mkono wake, kwenye kisanduku cha ujumbe ambacho mtu mwingine hakioni. Akafa, akazikwa Uriri, na wageni wakaendelea kushukuru. “Asante Mama Marcella kwa kunipokea.” Shukrani ya mwisho ilikuja Jumanne. Simu yake ilikuwa kabatini kwa Wesley, imezimwa, imefungwa ndani ya leso.

— Wiki jana dada mmoja ametoa shukrani, Bando akaendelea, mtu akamwambia huyo mama amefariki. Dada ametoka, hajarudi. Wageni wanaogopa, mzee. Ukurasa utakuwa mzuri namna gani kama anayewafungulia mlango ni...

Akakohoa, akaanza upya.

— Ni roboti tu. Aliipanga akiwa hai, inajibu yenyewe.

— Roboti inajua mbwa? Gesare akauliza. Kuna mama wa Rusinga amenionyesha simu yake. Ameulizwa kama mbwa wao mpya ameacha kulia. Huyo mbwa wamemleta mwezi wa sita.

— Basi kuna mtu amepata nywila yake. Nimejaribu kuangalia anaandikia wapi. Hainiambii mahali. Inasema tu yuko mtandaoni.

— Saa hii?

Bando akainamisha kidogo kioo cha kompyuta, kama mtu anayekinga jua.

— Tangu asubuhi.

— Mnasumbuka bure, Forodha akasema. Hebu ngoja nisogee hivi.

Akasogea kidogo kushoto. Simu yake ikalia mfukoni.

— Mmesikia? Karibu Tanzania. Nimeinua mguu? Sijainua. Mpaka hauko kwa lami, uko hewani. Kama mimi naweza kuwa Sirare, upande wa Tanzania, na kikombe cha Gesare kiko mkononi, kwa nini Mama Terry asiwe huko aliko, na netiweki ya huku inamshika?

— Forodha, kunywa kahawa, Bando akasema.

— Nakunywa. Lakini fikiria, omera, ndugu yangu. Kila mahali panahitaji mtu wa kupokea wageni. Huko wanafika wengi kila siku, wamechoka, hawajui waanzie wapi. Wakaangalia ni nani anaijua hiyo kazi. Sasa anaifanya. Na hawa wa Jirani ni wachache tu ambao majina yao yanampitia mapema.

— Mapema kabla ya nini? Bando akauliza.

Forodha akatazama ndani ya kikombe, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza asikie alichosema.

— Baba Terry, Gesare akasema haraka, wewe umemwota?

Halikuwa swali la umbea. Kwao Wesley, mume aliyefiwa hungoja ndoto. Mkewe akimjia usingizini, watu humwambia sasa yuko huru kuendelea na maisha.

— Bado.

— Hata mara moja?

— Hata kivuli.

Wesley hakuwa na hofu, na hilo ndilo lililomshinda kuwaeleza. Alichokuwa nacho kilikaribia wivu. Marcella aliwasalimu wauza nyanya, madereva wa malori, watu ambao hakuwahi kuwaona, na yeye aliyelala naye kitanda kimoja hakupata hata neno.

— Nilijiandikisha upya, akasema. Kwa jina lingine. Nikasema mimi ni mgeni, natoka Homa Bay.

Hata Forodha alikaa sawa.

— Akakuandikia nini?

— Hakuna kitu.

— Alikujua, Gesare akasema. Wewe huyo mwanamke ulimdanganya lini ukafaulu?

Wesley alitabasamu, na tabasamu likamuuma. Bando akamhamishia kompyuta mapajani.

— Ukurasa mpya uko hewani tangu asubuhi. Ukibonyeza hapo, akaunti inafungwa, haifunguki tena. Ukikataa, sitakulaumu. Ila wageni watazidi kukimbia.

Wesley akaweka kidole. Akifunga, hakuna mwingine atakayepewa alichonyimwa yeye. Akifunga, pia, hakutakuwa na mahali popote duniani ambapo mke wake yuko.

— Samahani, hapa ni kwa Gesare?

Alikuwa mwanamke mwenye begi begani na mkasi mkubwa wa kushonea ukichungulia kwenye zipu.

— Ni hapa. Karibu kahawa.

— Asante, mama. Naitwa Emmah, natoka Homa Bay. Natafuta chumba cha kushonea. Nimejiunga na Jirani leo asubuhi, nikaona ni rahisi sana. Pameandikwa pa kuanzia.

Bando akainua uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Kweli ulipenda?

— Sana. Na huyo mama anayepokea wageni ni mkarimu. Ndiye ameniambia nije kwa hili benchi.

— Kwa ukurasa mpya hakuna anayepokea wageni, Bando akasema polepole. Hiyo sehemu nimeitoa.

Emmah hakuelewa, akadhani ni mzaha wa wenyeji. Akawageuzia simu.

— Ameniuliza kitu, nikaona nisijibu bila kuhakikisha. Anasema mume wake yuko hapa. Anauliza kama yuko sawa.

Forodha akainua mkono kumwonyesha Wesley, kisha akaurudisha gotini.

— Ameona nimesoma, anangoja, Emmah akasema. Nimwambie nini?

Gesare alisimama na birika limeinama juu ya kikombe, hamimini. Tangu mazishi, swali hilo Wesley alikuwa ameulizwa na mchungaji, na shemeji zake, na kila dereva wa bodaboda, naye akamjibu kila mmoja “niko sawa” kabla hajamaliza kuuliza. Sasa alilitafuta jibu hilo, kidole chake kingali juu ya kompyuta, asilipate. Kwenye kiganja cha Emmah maneno madogo yalitokea chini ya swali: Marcella anaandika. Yakapotea. Yakatokea tena.