Ndege ya Mume Wangu na Jina Walilompa Baba

Ndugu zangu, nashukuru kupewa nafasi hii. Wengi wenu mnanijua kama mama anayeshona sare za kwaya. Wachache wanajua kwamba zamani, miaka ya themanini, mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na ndege yake mwenyewe hapa Malindi. Naona wengine mnatazamana. Ni kweli. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, nyeupe yenye mstari wa buluu. Leo sitataja jina la mtu hata mmoja, maana baadhi yao wangali hai na watoto wao tunasali nao humu ndani. Lakini mambo yenyewe nitayasema yalivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mtu wa bara, alikuja pwani kuwaendeshea watu ndege zao. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamwuzia ile yake, na mume wangu akauza sehemu yake ya shamba la urithi ili aipate. Ndugu zake hawakupendezwa. Alibeba kamba na samaki kwenye barafu, akabeba magazeti, na mara nyingine watalii wa kwenda Lamu.

Nawaambia, ndege si kama gari. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma usiku na mchana. Kila wiki tuliiosha kwa maji baridi ya bomba, tukaikausha, tukaipaka mafuta kwenye bawaba. Petroli tuliichuja kwa ngozi laini, maana tone la maji likiingia kwenye injini ukiwa juu, huna kando ya barabara ya kuegesha. Mimi nilishika faneli, yeye akamimina. Tulikuwa na furaha wakati ule.

Sasa, wazazi wangu ni watu wa Rabai. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alibaki akikausha mbata zake, yaani nazi, kwa moshi wa tanuri nyuma ya nyumba. Siku moja mume wangu, kwa furaha tu, alipita na ndege chini sana juu ya mji wetu ili wakwe zake wamwone. Upepo ukang'oa makuti ya jikoni, mbuzi wakakimbilia mashambani. Baba alitoka nje, na mbele ya majirani akasema, "Mwambieni mkwe wangu, kitu hicho ipo siku kitamzimikia hukohuko juu."

Ni maneno ya mzee aliyekasirika. Yaliishia hapo, au mimi nilidhani yaliishia hapo.

Baada ya miezi michache, mume wangu akitoka Lamu, injini ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikawaka tena karibu na Ngomeni. Alitua salama. Akamwita fundi kutoka Mombasa. Fundi akafungua tangi, akatazama petroli, akafungua injini, akaiwasha. Ikanguruma vizuri kabisa. Akasema, "Bwana, hii ndege ni nzima."

Ikazima tena katika safari nyingine ndefu. Fundi akaja tena, akaikuta nzima tena. Hapo ndipo mume wangu alipoanza kubadilika.

Mnakumbuka wakati ule. Haukuwa umepita muda mrefu tangu watu wajaribu kuipindua serikali, na kila mwenye ndege alitazamwa vibaya. Watu waliojitambulisha kuwa ni wa serikali walikuja uwanjani kumwuliza anabeba nini na anampelekea nani. Mjini walinong'ona kwamba anabeba pembe za ndovu. Kwa hiyo alipoanza kusema kuna mtu anaichezea ndege yake, hakukosa watu wa kuwashuku. Alianza na mwenye ndege mwenzake waliyegombania naye wateja. Akaja kwa mlinzi wake wa usiku, akamfukuza. Akashuku ndugu zake wa bara, kwamba wamelipa mtu. Akanunua turubai kubwa, akaifunika ndege na kuifunga kamba na kufuli, hata siku nyingi ikakaa pale haipumui.

Kisha ikawa zamu yangu. Aliacha kunipa faneli. Nilipomtilia chai, alisema, "Anza wewe." Nikadhani ni mzaha. Aliningoja, akinitazama koo linavyomeza, ndipo akanywa yeye. Ndugu zangu, mtu aliyelala ubavuni mwako anakutazama koo. Nikilia, alisema ninalia kwa sababu nimegunduliwa. Nikinyamaza, alisema ninaficha.

Ni nani aliyemkumbusha maneno ya baba, mpaka leo sijui. Jioni moja alirudi nyumbani akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Baba yako alisema itanizimikia juu," akaniambia. "Alisema au hakusema?"

"Alisema kwa hasira. Ulimng'olea makuti."

"Nakuuliza alisema au hakusema."

"Alisema."

"Basi," akajibu.

Alikwenda kwa mganga. Mtu aliyesoma, aliyejua kuisoma ramani ya anga, alikwenda kwa mganga huko ndani, na huyo mganga akamwambia adui yake ni mzee mwenye macho mekundu. Ninyi mmezaliwa hapa, mnajua mzee wa macho mekundu huitwaje. Baba macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mbata, miaka na miaka. Lakini habari ilifika Rabai kabla yangu. Wakaanza kumwita mutsai, mchawi.

Nilipanda basi mpaka Kilifi, nikavuka kwa feri hadi Mnarani, nikaunganisha mpaka Rabai. Nilimkuta baba amekaa mlangoni, mgongo ukutani, panga mapajani. Tanuri ilikuwa imebomolewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usingekuja."

Hakuna jirani aliyetoka kunisalimu. Binamu yangu mmoja ndiye aliyenivuta pembeni. "Vijana wameshakaa kikao," akasema. "Wamesema ndege ikizima mara nyingine, mzee hatauona mwezi ukiandama."

Nilimwomba baba aje nami Malindi. Akakataa. "Nikiondoka watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli." Mama mmoja mjane wa jirani akaniahidi kwamba baba atakuwa akilala kwake, na kwamba atakayemtaka aanze na yeye.

Nikarudi nikiwa nimeamua. Nikamwambia mume wangu, "Safari yako ijayo ya Mombasa, nami nimo."

Akanitazama kwa muda. Nilimwona akipiga hesabu zake. Mwishowe akasema, "Sawa. Baba yako hawezi kumwangusha mwanawe." Hakunichukua kwa mapenzi. Alinichukua niwe kinga, na mimi nilikubali kuwa kinga, kwa sababu niliona nisipokuwamo na ikazima, baba amekwisha; nikiwamo, nitaona mwenyewe kinachoizima.

Tuliondoka asubuhi. Akafungua turubai mwenyewe, akaonja petroli kwa kidole, akakagua kila kitu isipokuwa mimi, maana alikuwa ameshanipekua mkoba nyumbani. Tukapaa. Nyuma tukaacha nguzo ya Vasco da Gama na bahari, kisha msitu, kisha hori la Kilifi likatokea chini yetu na feri ikiwa katikati ya maji, ndogo kama sahani. Nikaanza kuomba polepole.

Tulipopita Mnarani, injini ikakohoa.

Sijui niwaeleze vipi. Ndani ya ndege kelele ni nyingi hata unapiga mayowe ukitaka kusema. Kelele ile ikakatika yote mara moja. Nikasikia upepo tu, na mlio wa saa ya mkononi mwake. Propela ikasimama mbele yetu kama kijiti. Mume wangu hakunitazama. Alikuwa anatazama mashamba ya mkonge, akitafuta mahali.

"Hata wewe baba yako amekutoa kafara," akasema.

Tulitua kwenye njia ya malori katikati ya mkonge. Ndege iliruka ruka, bawa likafyeka majani, tukasimama. Tulikuwa wazima. Yeye aliweka kichwa kwenye usukani, akalia. Mimi niliteremka, nikiwa na wazo moja tu la kijinga: kwamba kuna mtu ametuibia petroli njiani. Nikapanda kwenye kikanyagio, nikashika kifuniko cha tangi juu ya bawa. Kilikuwa kigumu. Nikakizungusha kwa nguvu zote.

Kikafanya fyuuu.

Nyinyi akina mama mnaijua sauti hiyo. Ni ile ya kopo jipya la maziwa ya unga unapolitoboa mara ya kwanza, hewa ikivutwa ndani. Nikachungulia. Petroli ilikuwepo tele.

Mume wangu aliinua kichwa. "Umefanya nini?"

"Nimefungua tangi."

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Limevuta hewa."

Akateremka taratibu. Akanitazama, na nikaona wazi kwamba kwanza alinishuku, ni mimi nimeweka kitu. Kisha akakitazama kifuniko. Kisha akainama chini ya bawa. Pale kuna kijibomba chembamba kama kidole, ambacho tangi linapumulia. Petroli ikipungua, hewa inaingia kwa kijibomba hicho kujaza nafasi. Kikiziba, tangi linavuta na kuvuta mpaka petroli inashindwa kutoka, na injini inakufa kwa kiu ilhali petroli ipo.

Akang'oa mwiba wa mkonge akauchomeka mle. Ukatoka udongo mkavu. Akachomeka tena, ukatoka udongo zaidi, na buibui wadogo waliolegea, na funza wawili weupe. Ni wale nyigu wembamba wanaojenga vijumba vya udongo kwenye kuta zetu na kuwawekea watoto wao buibui wa kula. Walikuwa wameanza kujenga humo kabla ya turubai, na chini yake, penye kivuli na utulivu, wakaendelea mpaka wakaziba kabisa.

Tuliketi chini kwenye vumbi. Akaelewa, na mimi nikaelewa, ni kwa nini fundi kila mara alikuta ndege nzima. Jambo la kwanza alilofanya kila alipokuja ni kufungua kifuniko atazame petroli. Hapo hapo hewa iliingia, na ugonjwa ukaondoka.

"Inuka," nikamwambia. "Twende Rabai kabla habari haijafika."

Alifunga ule udongo kwenye kitambaa chake. Dereva wa lori la mkonge alitubeba, wala hakuuliza maswali. Tulifika alasiri. Vijana walikuwa wameshakusanyika njiani, kwa maana mtu fulani alikwishaiona ndege ikishuka bila sauti. Sijui habari zinatembeaje.

Mume wangu akasimama mbele yao akafungua kitambaa. Akaeleza kijibomba, tangi, na nyigu. Mmoja wao, kijana mwenye shati jekundu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na hao nyigu, waliletwa na nani?"

Nikahisi ardhi inazama. Ushahidi tumeuweka mkononi mwao, nao wameugeuza.

Mume wangu akakikunja kitambaa chenye udongo. Akasema, "Walikuja wenyewe, mimi nikawaweka. Nilishuku watu, nikaifunika ndege, nikawaezekea nyumba. Mkimtafuta wa kumpiga, nipo." Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akasimama akiwangoja.

Mchungaji wa pale, aliyekuwa amekuja mbio, akaja akasimama kando yake. Yule mama mjane naye akasimama. Vijana wakatazamana, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Wengine waliondoka wakisonya. Na nisiwadanganye, wako waliokufa bila kumsalimu baba tena.

Ndani ya nyumba, mume wangu alipiga magoti akaomba msamaha. Baba akampa, bila maneno mengi. Kisha akaniita mimi, akaomba aone ule udongo. Akaushika karibu na macho yake mabovu, akaugeuza geuza.

"Mwanangu," akasema, "siku ile makuti yaliporuka, niliomba moyoni kitu kile kiharibike. Kikaharibika kweli. Watu wote wakaniambia ni mimi. Usiku nikawa najiuliza, huenda wanaona jambo ambalo mimi silioni? Huenda ni mimi, na sijijui?"

Akauvunja ule udongo kwa vidole, ukawa unga. "Kumbe si mimi," akasema.

Ndugu zangu, mambo yote mengine nimeyasahau uchungu wake, lakini hilo bado. Tuliweza kumponya mume wangu, taratibu, na alirudi kunywa chai yangu bila kuningoja. Ndege tuliirusha miaka mingine kadhaa, kijibomba kikifungwa kitambaa chekundu kila ilipolala, nyigu wasiingie. Lakini baba yangu, mtu mwema, walikuwa wamemshuku mpaka naye akajishuku.

Namshukuru yule dereva wa lori. Namshukuru mchungaji, na mama yule mjane aliyemlaza baba kwake wakati ambapo hata damu yetu ilijificha. Namshukuru Mungu aliyetushusha salama kwenye mkonge.

Nami nawaachia hili. Mtu ukishakuwa na jina la adui mkononi, huchunguzi tena. Fundi alitafuta ndani ya injini, mume wangu alitafuta Rabai, na mimi mkono wangu ulipita chini ya lile bawa kila wiki nikiosha. Kwa hiyo mkisikia mzee anatajwa vibaya, msianze kuuliza alisema nini na lini. Nendeni mkamsalimu. Ketini naye kidogo. Pengine naye yuko ndani anajiuliza swali la baba yangu, na hajapata mtu wa kumjibu.