Bunduki ya Kuwangojea Watu wa Ng'ambo

Sogeeni wanangu, mnisikilize pumzi ingalipo, na wewe Rogasian uliyejibanza pembeni njoo ukae chini hapa nikuone, maana maneno mengi ni yako. Izidori, niinue kidogo. Mbavu zilizovunjwa na kitako cha bunduki zinanichoma nikilala.

Baba yenu Nazari hamkumjua. Rogasian ulikuwa unatambaa, Izidori ulikuwa tumboni. Mwaka ule habari zilivuma kwamba watu wa ng'ambo wanalidai ziwa lote mpaka kwenye mchanga wetu, na kila aliyevuka akaitwa mpelelezi. Baba yenu alivuka kuuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, kama babu yake alivyovuka. Aliporudi na gunia la unga lenye maandishi ya kule, majirani, watu waliokula harusi yangu, walimpiga kwa makafi ya mitumbwi palepale ufukoni mpaka kichwa kikapasuka, nami nikaokota meno yake mchangani nikayafunga kwenye kanga. Na vita yenyewe, wanangu, haikuja. Waliotutisha walipata vyeo, mimi Walburga nikapata ujane.

Sasa mnasema nchi imefunguliwa, vyama ni vingi, kahawa anunue anayetaka. Sawa. Wewe Rogasian ukautaka udiwani, ukaona hoja ya zahanati haiamshi watu, ukapanda jukwaani kuwaambia kwamba watu wa ng'ambo wanajiandaa kwa vita. Wanawake wetu wanazalia njiani, dawa ya malaria hakuna, lakini michango ya mabati ya zahanati ikageuka bunduki na sare za mgambo, na watu wakapiga makofi, kwa sababu mwoga humkabidhi mali yake yule yule anayemtisha. Nilipokuonya ulinicheka, ukasema, "Mama, siasa huijui." Siasa hiyo nimeizika kwa mikono yangu, mpumbavu wewe.

Bunduki zikakaa, adui haji. Vijana wako wakachoka kungoja, wakakumbuka kwamba Lidia, mke wa mdogo wako, alizaliwa ng'ambo. Tumetoka misa, wakaja na mafuta ya taa. Waliichoma nyumba watoto wakiwa ndani, Lidia akavunja dirisha akawatoa, wakamkata panga begani huku kitindamimba akilia mgongoni kwake. Nikajitupa katikati. Bunduki iliyonunuliwa kuwangojea watu wa ng'ambo, mtu wa kwanza kumvunja ni mama yako, na wewe ulisimama ukitazama. Usilie. Ungelia siku ile. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguoni mwangu nilikuwa nimekulea wewe.

Shamba la kahawa la kule Mapera, alilonipa baba yangu, ni la Lidia na watoto wake, asilipime mtu mwingine. Rogasian, chukua shamba la mihogo la baba yako kule ufukoni; utalima ukipaona mahali alipofia, labda jembe litakufunza nililoshindwa mimi. Na wewe Izidori, nimekusikia ukinoa panga nyuma ya nyumba. Sitaki kisasi. Nenda nalo ukakate nyasi za kuezeka nyumba ya mkeo palepale ilipoungua, na kaka yako abebe miti. Abebe begani, mchana, watu wamwone.

Maji... kidogo tu. Basi.

Nimesikia vijana wa mgambo wanavyosema, mimi si kiziwi: wananiheshimu kwa kuwa mgonjwa, wakishanizika watarudi kumwondoa Lidia. Basi makaburini msinipeleke. Padri nimemwambia, amekubali. Lidia, mwanangu, utaniosha wewe, mwingine asiniguse, na Rogasian akuchotee maji. Mungu awape mvua kwa wakati... awape watoto wasiofundishwa kuogopa... Bwana awalinde wote wawili, hata wewe, Rogasian, hata wewe.

Kaburi langu... lichimbeni mlangoni kwa Lidia, karibu, pasibaki njia pembeni. Atakayekuja kumtoa... anikanyage kwanza.