Miti ya Somoe

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Vinubhai na wafanyabiashara wenzako wa hapa Nyololo, wageni waalikwa, na wewe mama Somoe uliyejificha nyuma wakati kiti chako kiko hapa mbele: kamwene!

Mimi Veneranda Kalinga nimepewa dakika tano za kumuaga muuguzi wetu Somoe, ambaye Jumatatu anakwenda kuanza kazi katika kituo cha afya kando ya Mto Ruvuma, kulekule alikotoka akikimbia vita akiwa binti wa kidato cha tatu. Dakika tano kwangu ni za salamu tu, lakini nitajitahidi.

Ndugu zangu, mnaikumbuka hali ya mwaka ule? Wale wapiganaji wa Cabo Delgado kule Msumbiji, wanaochinja watu huku wakilitaja jina la Mungu, walivuka mto wakachoma nyumba upande wetu wa Tanzania. Vijana wetu wa jeshi wakapelekwa mpakani, madereva wa malori wakatuletea habari za kutisha, na sisi huku kwenye baridi tukaanza kuogopa kila kanzu. Ndipo akafika mama Somoe na binti yake, na mfuko mmoja wa nguo. Katika mkutano wa kijiji nilisimama, nikanyoosha mkono huu wa kulia, nikasema, "Hawa ni Waislamu wa kulekule. Wasipewe kiwanja wala mche wa kupanda, watatuletea vita." Msiinamishe vichwa. Nilisema, na wengi wenu mlinipigia makofi.

Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu: "Na waliochomewa nyumba je, si ndio hawahawa?" Nikashusha mkono, nikaketi. Basi ukaitishwa mgowe, kijiji kizima kikajitokeza kuwajengea, na mimi mpinzani nikapangiwa jiko. Nikapika kama tunavyompikia mgeni wa heshima hapa kwetu: sufuria kubwa ya nguruwe, na pombe ya ulanzi ndoo mbili!

Chekeni, chekeni. Mama Somoe alichungulia sufuria, akajiziba mdomo kwa khanga, tukadhani analia. Kumbe anacheka! Akasema, "Dada, hicho kuleni nyie. Mimi nipeni udongo nikandike." Mzee Vinubhai, ambaye nyama ya aina yoyote haigusi, akaagiza wali na dengu kutoka kwake, na siku ile tulikula dengu sote. Nguruwe nilirudi naye nyumbani, tukamla siku nne.

Somoe, ni wewe uliyempokea mjukuu wangu alipozaliwa, ulipokuwa mazoezini hospitali ya Tosamaganga. Sasa unakwenda kuwapokea watoto wa wale ambao bado wanakimbia. Mama yako anaogopa, na mimi naogopa, nasema wazi. Lakini furaha yangu leo imeizidi hofu.

Hapa kwetu mtu huhesabiwa mwenyeji akishakuwa na miti. Basi ile nusu ekari yangu ya miti ya mbao, niliyoipanda mwaka uleule mliofika, tangu jana imeandikwa jina lako ofisini kwa mtendaji. Mimi na mama yako tutapalilia na kupogoa matawi. Kuvuna, uje mwenyewe.

Waheshimiwa, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana. Somoe, siku ile nilinyoosha mkono mmoja kukukataa. Leo nanyoosha yote miwili. Njoo, mwanangu.