Mama Micheline na Foto «Claires» za Mwaka wa Sita

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Micheline Lifoko, mpiga picha wa shule yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Ofisi ilitaka mtu wa klabu yake ya foto aandike wasifu wake katika gazeti hili la shule, na ikasisitiza uwe wa kufurahisha. Wenzangu wakanitupia mimi, kwa sababu mwalimu akiniuliza swali darasani sauti inakwama tumboni, lakini nikipewa kalamu sinyamazi. Basi nimeandika. Furaha mtaikuta. Hasira pia mtaikuta, na siombi radhi.

Mama Micheline alizaliwa Yanonge, mji mdogo wa kando ya mto, katika familia ya biashara ya mto. Aliajiriwa hapa kupiga foto za kadi za wanafunzi tu, akaishia kupiga kila kitu: mechi, komunyo ya kwanza, paa lililong'olewa na upepo, walimu wakisinzia kwenye mkutano. Mtu asidhani ni mpole. Anajua kazi yake ni nzuri na anaisema kwa sauti. Tonton Médard, mlinzi wetu wa lango, aliomba siku moja kuishika kamera yake kidogo tu. Akajibiwa: «Médard, ulishanawa mikono? Na roho je?»

Kamera yake ya kwanza ya dijitali ilikuwa Nikon D70, ambayo hata leo anaiita «mama mukwe», kwa sababu ilikuwa polepole na haikubali haraka ya mtu. Ikafuata D90, ambayo mpira wake ulibanduka kwa joto la hapa, akaugandisha kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Kipenzi chake ni D750, anayoivaa kifuani kama askofu anavyovaa msalaba. Na lenzi zake! Klabuni alitufundisha hivi kuhusu ile ya 35, ya 50 na ya 85: «Trente-cinq iko ya kuona watu wote. Cinquante iko ya kusalimia mutu moja. Quatre-vingt-cinq, aah, hiyo iko ya kupenda.»

Ili zisiote kuvu, lenzi hizo zinalala katika kopo la mchele uliokaangwa mkavu, na walio wengi hapa wanajua mchele ule uliwahi kupikwa kwa makosa jikoni, ukasifiwa. Mwaka mwingine ofisi iliagiza kila idara itoe «objectifs» zake, yaani malengo yake. Kwa Kifaransa neno hilo hilo ni lenzi, basi yeye akaandika: 35, 50, 85. Barua ikarudi inampongeza kwa kulenga asilimia themanini na tano.

Sasa niseme kuhusu shati jeupe, kwa sababu bila shati jeupe hamtaelewa hasira yangu.

Sisi wote tunavaa shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, inaona weupe mwingi wa mashati, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Sura zetu zinazama. «Iko bête, iko mujinga,» anasema Mama Micheline. «Ikiona chemise, inafunga macho. Mutu anabakia meno na kola.» Kwa hiyo kabla ya kupiga anasogea hadi karibu na uso wako, anakutazama kama anayekutafuta, kisha anageuza gurudumu dogo kwa kidole gumba mpaka ngozi yako iwe ngozi yako. Anafanya hivyo kwa kila mtoto, mmoja mmoja. Aliye maji ya kunde ana kipimo chake, na mimi nina changu.

Mwezi wa nne alikwenda Yanonge kwa likizo yake ya mwisho. Album ya wanaomaliza ilikuwa inangojewa, na Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu, akampa kazi hiyo Célestin wa ofisi ya mawasiliano. Célestin ni kijana mzuri, anatuchekesha. Alitupiga kwa telefone. Tukatoka meno na kola. Prefe akaziona, akapiga meza: «Célestin, mimi nataka foto claires!»

Kwa ambaye hakusoma Kifaransa: foto «claire» ni foto inayoonekana vizuri. Mtu «clair» ni mtu wa ngozi nyeupe-nyeupe. Prefe alisema la kwanza, Célestin akasikia la pili. Akaingiza foto zetu katika ile programu ya kurembesha, na kufika saa sita mchana darasa zima lilikuwa na rangi ya biskuti.

Hapa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoiona yangu, niliipenda. Kwa muda mfupi, lakini niliipenda. Tangu shule ya msingi naitwa Makala, yaani mkaa, na yule msichana wa kwenye kioo cha telefone asingeitwa hivyo. Nikaituma nyumbani Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa koko wangu, mama wa mama yangu. Akapiga simu. «Huyu mundele mudogo, huyu muzungu, iko nani? Na mutoto wetu walimuweka wapi?» Hakuwa anatania. Mwanamke aliyenibeba mgongoni alikuwa ananiuliza mimi niko wapi.

Nilidhani Prefe akigundua kosa la neno atakasirika. Alicheka. Kisha akaziangalia tena, akasema mbele yetu: «Mais, wamekuwa wazuri! Muziache vile.»

Kosa la Célestin lilikuwa la sikio, nimemsamehe siku ile ile. La kutuacha vile halikuwa kosa. Huyo ni mtu mzima, mkubwa wa shule, aliyetazama watoto anaowafundisha kwa miaka sita akaona kwamba hatimaye wamependeza. Sijui neno la adabu la jambo hilo, kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa.

Kabla ya kuchapwa, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika «lu et approuvé», yaani nimesoma na nimekubali, chini ya foto yake na kutia sahihi. Glodi, mwenzangu wa darasa aliyekuwa mbele yangu, akaandika, akarudi nyuma. Zamu yangu ikafika, mkono ukaandika: «Si mimi.»

Prefe akanisimamisha. «Kama si wewe, iko nani?»

Nikatazama viatu vyake. Nyuma yangu nikamsikia Glodi: «Papa Prefe, hata mimi nikiangalia muzuri, ile iko cousin yangu wa Bruxelles.» Darasa likalipuka. Glodi akarudi mezani, akafuta alichoandika. Wengine wakapanga mstari, wakaandika mmoja baada ya mwingine: si mimi, si mimi, si mimi.

Habari ilipomfikia, Mama Micheline alikata likizo, akapanda baleinière ya kwanza, ile mashua ya abiria, kutoka Yanonge. Aliingia ofisini mlango ukiwa wazi, tukasikia wote. «Bwana Prefe, watoto hawa niliwapiga foto toka première, toka mwaka wa kwanza. Sikujua walikuwa na kasoro.»

«Mama, muko karibu ya pension. Mupumzike.»

«Nitapumzika wakishakuwa na sura.»

Album ilikuwa haiwezi kwenda bila sahihi zetu, basi Prefe akakubali, kwa mdomo uliokunjwa. Mama Micheline alitupanga kwenye ukuta wa maktaba, lenzi ile ya themanini na tano mkononi, Célestin akimshikia shuka jeupe la kurudisha mwanga na kuomba pardon kwa kila anayepita. Kwangu alisogea, akatazama, akageuza gurudumu. Nimetoka mweusi, mweusi kabisa, na kila kitu kinaonekana: kovu juu ya nyusi, kidevu cha mama, na kwamba nilikuwa nimetoka kulia.

Album imechapwa. Nyuma yake imeandikwa kwamba foto ni za ofisi ya mawasiliano. Hakuna aliyetuomba msamaha na hakuna aliyesahihisha. Basi nasahihisha mimi, hapa, katika gazeti la shule, ambalo nalo, kama album, linawekwa maktaba: foto zote za mwaka wa sita ni za Micheline Lifoko.

Mama Micheline, asante. Ukae Yanonge na afya, wajukuu na mwanga mzuri wa asubuhi. Usiwe na wasiwasi kwa ajili yetu: tunajua tulivyo.

Émilie, mwaka wa sita