Kamba ya Mwenyekiti

YORAMU: Haloo, nani mwenzangu?

SIXBERT: Kumbe namba usiyoijua ndiyo unaipokea upesi.

YORAMU: Samahani, mtandao huku una— nani anaongea?

SIXBERT: Mwenyekiti wako. Kama bado.

YORAMU: Aa, shemeji. Shikamoo.

SIXBERT: Marahaba.

YORAMU: Mwangaluka huko Usinge?

SIXBERT: Usinilainishe na Kinyamwezi. Tangu asubuhi nakupigia kwa namba yangu, inaita mpaka inakata. Nimeazima simu ya mwalimu hapa jirani, mlio wa kwanza tu, haloo.

YORAMU: Simu ilikuwa kambini, shemeji. Kule hakuna mtandao. Mpaka nipande kichuguu, na sasa hivi nipo juu ya—

SIXBERT: Simu isiyo na mtandao inaitaje? Nakuuliza.

YORAMU: Nilikuwa sijajua nikwambie nini.

SIXBERT: Hapo umesema kweli. Uko na nani?

YORAMU: Peke yangu.

SIXBERT: Nasikia mtu anakohoa.

YORAMU: Mzee Eliya yuko chini huko, anakata kuni. Hasikii.

SIXBERT: Eliya naye kaenda. Amestaafu kurina asali, ana miguu mibovu, lakini kambi ya msimu huu kaenda. Mimi niliyewaongoza miaka sita naamka nakuta baiskeli zote zimeondoka. Naingia stoo ya kikundi, kamba zote za kupandia miti hazipo. Na ya kwangu haipo.

YORAMU: Ndiyo, shemeji.

SIXBERT: Ndiyo nini?

YORAMU: Kamba yako tunayo.

SIXBERT: Unalitamka hivyohivyo, kama unaniambia mna chumvi.

YORAMU: Nisikilize kwan—

SIXBERT: Jumapili baada ya ibada nilipita kwa Pelagia, mwenzetu wa kikundi. Nikaona baiskeli saba. Nikaingia, mkanyamaza wote. Pelagia akaanza kunikaribisha michembe, viazi vyake vya kukausha, karibu mwenyekiti, karibu michembe. Tangu lini Pelagia akagawa michembe bila kuombwa?

YORAMU: Tulikuwa tunakuzungumzia wewe.

SIXBERT: Najua. Na kiti unakitaka wewe.

YORAMU: Sikitaki.

SIXBERT: Hakuna asiyekitaka.

YORAMU: Mimi nimekuona ukikikalia, shemeji. Sikitaki kabisa.

(mkwaruzo wa mtandao)

SIXBERT: —umesema nini?

YORAMU: Nimesema, mwaka ule nilipofiwa na mwanangu, nani alichukua kamba yangu?

SIXBERT: Hayo ni mengine.

YORAMU: Nani?

SIXBERT: Mimi.

YORAMU: Uliniuliza?

SIXBERT: Haulizwi mtu. Mwenye jambo zito hapandi mti, kamba yake inachukuliwa, hairudi mpaka aseme mwenyewe kinachomsumbua. Mimi ndiye niliyekufundisha, usinisomeshe.

YORAMU: Nilikuchukia wiki mbili. Halafu nikaja nikasema, ukanirudishia.

SIXBERT: Wewe ulikuwa mwanachama wa kawaida. Mwenyekiti akichukuliwa kamba amepinduliwa, basi. Eliya alitokaje kwenye kiti hiki kabla yangu?

YORAMU: Mzee Eliya alirudisha mwenyewe. Miguu.

SIXBERT: Ndivyo mlivyoelewana mseme?

YORAMU: Ulikuwepo, shemeji. Ulimshika mkono akishuka. Lakini wewe wiki iliyopita ulikaa juu ya mti saa nzima. Moshi umezimika, nyuki wanakutambaa shingoni. Tunakuita, huitiki.

SIXBERT: Nilikuwa nausikiliza mzinga.

YORAMU: Mzinga ulikuwa mtupu. Na Recheli, mwenzetu, ukamwambia mwizi wa ndoo, mbele ya watu. Ndoo ulikuwa umeikalia.

SIXBERT: Nilimwomba radhi.

YORAMU: Hukumwomba.

SIXBERT: Basi nilitaka.

YORAMU: Moto ulipokula mizinga sitini, ulienda wewe. Mambo ya mpaka wa msitu, vikao havihesabiki, wewe. Bernardo alipoanguka mtini akafa, ulimbeba wewe, kaburi ukachimba wewe, na kesho yake ukaitisha kikao cha mifuniko ya ndoo. Mifuniko, shemeji.

SIXBERT: Kiongozi akilia, nyie mtafanya nini?

YORAMU: Tutalia.

SIXBERT: Mnaona rahisi.

YORAMU: Hatujaona rahisi. Tumeona huwezi tena.

SIXBERT: Subiri kwanza. Stoo ina ufunguo mmoja. Nauvaa shingoni, nalala nao, naoga nao. Leo asubuhi nimeifungua mimi mwenyewe, kufuli halijavunjwa. Mliingiaje?

YORAMU: Shemeji, upepo huku unav—

SIXBERT: Achana na upepo. Nani aliutoa shingoni kwangu nikiwa nimelala, akaurudisha?

YORAMU: Usimkasirikie.

SIXBERT: Nani?

YORAMU: Dada.

SIXBERT: Tunu?

YORAMU: Dada Tunu ndiye aliyeita kikao cha kwa Pelagia. Alikuja akakaa chini kwenye mkeka, kiti alikataa. Akasema huli. Akasema ukiwa bafuni unaongea na Bernardo, unamwambia shuka, shuka.

SIXBERT: Kumbe hata kitandani kwangu kuna mjumbe.

YORAMU: Usiseme hivyo. Alilia mpaka Pelagia naye akalia.

SIXBERT: Na mkaamua nini?

YORAMU: Msimu huu upumzike. Kiti ni chako, hakuna atakayekikalia. Mimi nasimamia kambi tu, na wakinishinda nitakupigia.

SIXBERT: Na kamba?

YORAMU: Unajua inavyorudi.

SIXBERT: Niseme. Kwenye simu ya mwalimu.

YORAMU: Popote utakapoweza.

SIXBERT: Una hakika uko peke yako?

YORAMU: Mzee Eliya amebeba kuni zake ameondoka.

(mkwaruzo wa mtandao)

SIXBERT: Unanisikia?

YORAMU: Nakusikia.

SIXBERT: Siku ile Bernardo aliniambia mikono inamtetemeka. Alisema, kaka, leo nimechoka, niache nishuke. Gari la kuchukua asali lilikuwa linakuja kesho yake. Mimi nilikuwa na mambo kumi kichwani, mpaka, moto, gari. Nikamwambia, malizia mzinga huu mmoja. Nikamwambia usiwe mvivu. Yoramu, Bernardo hakuwa mvivu.

YORAMU: Hakuwa.

SIXBERT: Mama yake kila akiniona ananishukuru. Kwamba nilimzika vizuri mwanawe. Ananishika mikono yote miwili. Mimi namwitikia, nasema asante mama. Mwaka mzima nasema asante mama.

YORAMU: Shemeji, mimi nilikuwa nyuma ya mti wa pili, nakoka moto wa moshi.

SIXBERT: Siku ile?

YORAMU: Niliwasikia.

SIXBERT: Ulisikia.

YORAMU: Yote.

SIXBERT: Mwaka mzima unajua. Unakula kwangu, unaniamkia shikamoo, na unajua.

YORAMU: Nilijua.

SIXBERT: Ndiyo maana unanitazama vile. Nilidhani unanivizia. Nilishamwambia Tunu, huyu ndugu yako ananivizia.

YORAMU: Nilikuwa naogopa na wewe utaanguka.

SIXBERT: Kwa nini hukusema?

YORAMU: Ningesema mimi ingekuwa mashtaka. Nilingoja useme wewe.

SIXBERT: Nani mwingine anajua?

YORAMU: Kwa mdomo wangu, hakuna. Wala dada.

SIXBERT: Sikuamini.

YORAMU: Sawa. Usiniamini leo. Yupo hapo?

SIXBERT: Nani, Tunu? Yupo mlangoni. Kasimama tangu nilipopiga, na ungo mkononi, mchele hauchagui.

YORAMU: Mwambie hilo uliloniambia.

SIXBERT: Ngoja, simu inalia. Dakika za mwalimu zinaisha. Yoramu, mama yake Bernardo nitamwambiaje?

YORAMU: Tutaenda wote, nikirudi. Mimi na wewe. Leo mwambie dada.

SIXBERT: Nianzie wapi?

YORAMU: Anzia pale aliposema mikono yake—

(simu imekatika)

SIXBERT: Haloo? Yoramu? (anashusha simu) Tunu. Weka ungo chini, mama. Njoo ukae.