Mwalimu Simeon Randu na Ngazi ya Usumba

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Mnarani, marehemu Mwalimu Simeon Randu Kenga alizaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1934, mtoto wa pili wa Mzee Kenga na Mama Kahonzi, wasokotaji wa kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Alianza shule mwaka 1943, akahitimu ualimu mwaka 1957, akafundisha Ngomeni, kisha Malindi, na tangu 1971 alifundisha biolojia katika shule moja ya upili ng'ambo, Kilifi. Tarehe 8 Desemba 1962 alifunga ndoa na Bi. Jedida, wakajaliwa watoto wawili, Laban na Kadii.

Waliopita mikononi mwake wanaikumbuka ngazi yake ya DNA. Kila mwaka alisokota kamba mbili za usumba, akatunga humo vipande vya kifuu, kimoja chenye ncha akikiita sukari, kinachofuata fosfeti, hivyo hivyo mpaka mwisho, na kila sukari akaifunga herufi yake, A, T, G au C. Alifundisha kwamba A hushikana na T peke yake, kwa nyuzi mbili, na G hushikana na C peke yake, kwa nyuzi tatu, kisha ngazi nzima hujisokota, na ndiyo iliyobeba urithi wa kila kiumbe.

Maradhi ya kisukari yalimpata mwaka 1983, macho yakafifia, mguu ukapata kidonda kisichopona, na Januari 1985 Kadii akaacha kidato cha pili ili amuuguze, jambo lililomuuma Mwalimu kuliko mguu wake. Juni mwaka huu mikono ilimshinda akiwa na kamba moja tu, huku kidato cha nne wakiingoja ngazi. Kadii akatengeneza ya pili kwa kuisoma ile ya kwanza, palipo A akatia T, palipo C akatia G. Mwalimu aliipapasa kipande kwa kipande, akacheka.

"Umefanya kama nyanyako na kamba zake, mwanangu, zote mbili zimeanzia juu. Ncha za sukari kamba hii zipande, kamba ile zishuke."

Kadii alifumua yote, akaanza upya kutoka chini, siku tatu. Mwalimu alipoipapasa tena hakuona pa kusahihisha, akamwita mwalimu mkuu hadi kitandani kumwombea Kadii nafasi ya kurudi masomoni, naye akakubali kumpokea Januari ijayo. Mwalimu alifariki kwa utulivu tarehe 19 Agosti 1986, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na Mwalimu Adhiambo, mwenzake shuleni, aliyeivusha ngazi kwa feri bila uzi hata mmoja kukatika. Sasa inaning'inia darasani.

Mwalimu, pumzika salama, kamba yako imepata mwenzake.